Harusi Isiyo na Madhabahu

Siku gari la mungu Karunamaya lilipokwama karibu na Mangal Bazaar, mji mzima wa Patan, huko Nepal, ulikuwa barabarani. Mnara wa fito na majani uliosimamishwa juu ya gari hilo ulipita mapaa ya nyumba. Uliyumba kushoto, ukayumba kulia, na kila ulipoyumba wanawake waliojazana madirishani walipiga yowe. Wanaume wasio na idadi walishika kamba. "Haiste!" aliita kiongozi wao. "Haiste!" wakaitikia wote, na gari halikusogea hata kidole.

Nirjala Shakya alisimama kwenye ngazi za duka la baba yake, mfua dhahabu. Alikuwa amevaa sari nyeusi yenye ukingo mwekundu, ile ya wanawake wa Kinewari, na kiuno kakifunga kitambaa cheupe. Masikioni alining'iniza vipuli alivyovifua mwenyewe. Alikuwa anatafuna mkate wa dengu huku akicheka umati, mara akaona msichana mwenye gita mgongoni anavuka kamba kama anavyovuka mtu mfereji.

"We dada! Mwenye gita! Toka hapo!"

Msichana hakusikia. Nirjala aliutupa mkate, akaruka ngazi, akamkamata kwa mkono wa nguo na kumvuta kwa nguvu zake zote. Wakati huo huo kamba ikakazika, watu wakaanguka, na gurudumu lenye macho yaliyochorwa kwa rangi likabingirika pale pale alipokuwa amesimama.

Msichana alitazama gurudumu, kisha akatazama bega lake. Kurta yake ya rangi ya anga ilikuwa imechanika mpaka kwapani.

"Umenichania nguo," alisema, akihema.

"Nimekuchania nguo nikakuachia mguu. Ungependa iwe kinyume chake?"

"Hii ni nguo ya ibada."

"Ibada gani Jumamosi mchana?" Nirjala akamtazama vizuri, kisha akatabasamu. "Aa. Kumbe wewe ni Mkristo, ninyi mnaosali siku ya mapumziko."

"Na wewe unaabudu magurudumu."

"Siyo magurudumu, mama. Aliyemo humo ndani ndiye mwenye mvua. Usipomheshimu, mwaka huu utakula mawe."

"Mungu wangu hahitaji kuvutwa kwa kamba."

"Ndiyo maana sikukuu zenu hazina raha. Njoo ndani, Bibi akushonee. Huwezi kutembea mjini na kwapa nje, waumini wako watakuombea mpaka wazimie."

Msichana alijizuia kucheka, akashindwa. Jina lake lilikuwa Rebika Tamang. Alikuwa mwalimu wa muziki na kiongozi wa waimbaji katika kanisa ambalo baba yake, Mchungaji Dawa, alilianzisha ng'ambo ya mto Bagmati.

Bibi yake Nirjala, mwanamke mdogo mkavu kama pilipili ya kuanikwa, alishona bega lile bila kumwuliza mgeni jina. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akamtazama Rebika, akamtazama mjukuu wake, akasema, "Hm."

Usiku ule Rebika alituma ujumbe wa shukrani. Asubuhi Nirjala alipiga simu kuuliza kama uzi umeshika. Uzi ulishika. Jioni akapiga tena.

"Sasa unauliza nini? Uzi ni ule ule."

"Nauliza aliyeuvaa."

"Aliyeuvaa anafundisha watoto wanaoimba kama mbuzi. Niache nifanye kazi."

"Niimbie kidogo, nikuache."

"Sikuimbii wewe. Naimba kwa ajili ya Mungu."

"Basi mwimbie Mungu, mimi nitasikiliza kwa pembeni. Hatanifukuza."

Rebika akaimba, kwa sauti ya chini, huku kajifunika shuka kichwani ili mama yake asisikie.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Masika yakaja, mvua ikashuka, na wao wakawa wanakutana kwenye vibanda vya momo, vile vidonge vya unga vilivyojazwa nyama, wakigombania momo la mwisho. Nirjala akimwita "kinanda changu." Rebika akimwita "mwabudu magurudumu," na siku akiwa na huba sana, "Niru." Mara ya kwanza waliposhikana mikono ilikuwa juu ya paa la kina Nirjala, katikati ya nguo zilizoanikwa, na Rebika alitetemeka hata Nirjala akadhani ana homa.

"Unaogopa watu?"

"Watu siwaogopi. Nilikuwa naomba."

"Unaomba nini saa hizi?"

"Naomba asiniache. Sikuomba anizuie. Nimeomba tu asiniache."

Nirjala aliendelea kumshika mkono. Katika nyumba ya kina Nirjala miungu ilikuwa mingi. Walikaa uani, ngazini, jikoni, ukawapa wali na maua asubuhi nao wakakuacha na mambo yako. Hakuwahi kumwona mtu anayeongea na Mungu kama anavyoongea na aliyelala naye chumba kimoja. Alimpenda zaidi kwa hilo, na hakujua kwamba hapo ndipo penye mwiba.

Mwaka ulipogeuka, ndoa ikaanza kuzungumzwa. Mahakama ilikwisha kufungua njia kwa wapenzi wa jinsia moja, na jozi mbili tatu zilikwisha kuandikishwa wilayani kwao. Nirjala, aliyekuwa haogopi kitu, alitangulia kusema nyumbani. Baba yake aliweka nyundo chini. Kisha akamwita kuhani wa ukoo, mzee mwembamba waliyemwita Guruju, maana mwenyewe hakuwa na maneno.

Guruju alikunywa chai yote kwanza.

"Katika mafundisho yetu," alisema, "sijaona mahali palipoandikwa kwamba hili ni kosa. Ndoa kwetu ni jambo la dunia. Lililo kosa ni kumwumiza mtu. Lakini guthi, chama cha ukoo, ni kitu kingine. Wazee wa guthi hawasomi vitabu. Wakisema nyumba hii imejitia aibu, siku baba yako akifa, nani atabeba jeneza? Nani atachoma maiti?"

"Kwa hiyo Buddha hana neno, ila majirani wanalo," Nirjala alisema.

"Mwanangu, majirani ndio watakaokubeba."

Bibi, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akanyanyua ungo wake. "Guruju, nikuulize. Huyu, kwa desturi ya mabinti wetu, nilimwoza kwa tunda la beli akiwa bado anadondosha meno. Alipovunja ungo nikamwoza kwa jua. Wewe mwenyewe ndiye uliyesoma maneno. Hakuna aliyeniuliza jua lina ndevu."

Guruju alikohoa. Baba akatazama chini kuficha kicheko, kisha kicheko chenyewe kikamgeukia kuwa machozi. "Fanyeni," alimwambia binti yake. "Lakini msifanyie hapa kwetu."

Kwa Nirjala ilitosha. Alimpata pandit mmoja, kuhani wa Kihindu, mwenye kihekalu kando ya mto, ambaye alikwisha kuwaozesha wanaume wawili kutoka Pokhara. Pandit yule alisema roho haina uke wala uume, basi moto mtakatifu utauliza nini? Nirjala akanunua sari mbili nyekundu zenye nyuzi za dhahabu. Akatengeneza shanga za ndoa kwa mkono wake. Akamwita Rebika juu ya paa na kumwonyesha vyote, uso ukimng'aa kama taa.

Rebika aliishika sari ile, akaipeleka shavuni. Kisha akairudisha.

"Niru. Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuzunguka moto mbele ya sanamu. Kupakwa unga mwekundu kichwani kwa jina la mungu nisiyemjua."

"Ni desturi tu, mpenzi. Fumba macho."

"Kwako ni desturi. Baba yangu alinyimwa maji ya kijiji kwa sababu ya hili. Alipoacha mambo ya lama, kuhani wa Kibuddha, walimfukuza kisimani, mama akawa anateka maji mtoni na mimi tumboni. Alifungwa jela. Walimwambia apige goti mbele ya sanamu mara moja tu, wamwachie. Hakupiga. Sasa mimi nikapige kwa ajili ya harusi?"

"Basi tufungie kanisani kwenu!"

"Unajua hawatakubali."

"Kwa hiyo waliotufungulia mlango huwataki, na unaowataka wametufungia. Unataka nini, Rebika? Nikusubiri mpaka Mungu wako abadili mawazo?"

"Usimseme hivyo."

"Nimseme vipi? Wangu wote hawana shida na mimi. Wako mmoja tu, na hanitaki!"

Rebika alishuka ngazi bila kuaga. Nirjala alibaki na sari mbili mikononi, akiona haya kwa alilosema, na kiburi kikamzuia kumwita.

Aliposhuka pale, Rebika alikwenda moja kwa moja kwa baba yake. Alikuwa amechoka kuomba kwa siri. Mchungaji Dawa alikuwa anatengeneza paa la kanisa, amepanda ngazi, misumari mdomoni. Aliposikia, aliitoa misumari mmoja mmoja.

"Sema tena."

"Nampenda, Baba. Nataka nifunge naye ndoa. Nataka wewe utubariki."

Mzee alishuka. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kipago cha chini kabisa, akajishika magoti, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeambiwa amefiwa.

"Nilikuwa napigwa nikiwaza, hata nikifa, wanangu watamjua Bwana," alisema. "Nimekosea wapi, Rebi?"

"Namjua Bwana, Baba. Ninamjua."

"Humjui. Ungemjua usingeniambia hivi."

Wazee wa kanisa walikaa kikao. Shangazi yake akaja kumchukua wampeleke kwenye nyumba ya maombi, juu milimani, akafunge na kuombewa. Simu ikabaki kwa shangazi. Rebika alikubali kwenda. Hili watu hawakulielewa baadaye, lakini alikubali kwa moyo wake, kwa sababu alitaka kumwuliza Mungu mwenyewe.

Huku Patan, Nirjala alipiga simu haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Baadaye mteja mmoja wa dukani, mwanamke wa kanisa lile, alikuja kutazama pete, akasema kwa furaha, "Ni za binti wa mchungaji. Anaposwa na kijana wetu mpiga ngoma. Si unamfahamu Rebika?"

Nirjala alifunga sanduku la pete. Alikwenda uani, akarekodi ujumbe wa sauti:

"Hongera, bibi harusi. Kumbe mlango ulikuwepo, ila mimi ndiye sikuwa na ndevu. Usinipigie. Sikujui."

Kule milimani, shangazi aliusikiliza ujumbe ule, akamsikilizisha Rebika. "Unaona? Shetani mwenyewe amekuacha."

Rebika alilia kwa sauti, na waombaji wakamsifu Mungu, wakidhani pepo anatoka.

Uchumba ulikuwa mpango wa wazee tu. Rebika alipoambiwa, alisema hapana, akasema hapana tena mbele ya yule kijana mwenyewe, aliyekuwa mtu mpole na hakuwa na kosa. Kisha akashuka mlima kwa miguu, akiwa kapungua hata nguo zikamvuka mabegani, akaingia dukani kwa kina Nirjala na kandambili zilizojaa matope.

Nirjala alikuwa anampimia mteja bangili. Bangili ikaanguka.

"Umekuja kununua pete?" aliuliza.

"Nimekuja kukuuliza kitu. Hivi wewe, mtu akikwambia mimi nimeolewa, unaamini?"

"Ulizima simu."

"Nilinyang'anywa simu! Mjinga wewe. Mjinga mkubwa. Nimekaa nimefunga, nimewekewa mikono kichwani mpaka shingo inauma, nikimwuliza Mungu anijibu, na sauti pekee niliyoisikia ilikuwa yako ikisema hunijui."

Mteja aliondoka kimya kimya. Nirjala alizunguka kaunta, akamkumbatia, na wote wawili wakalia kama watoto, wakitukanana katikati ya kilio. Bibi alichungulia, akarudi jikoni, akaweka maziwa motoni.

"Na Mungu alikujibu nini?" Nirjala aliuliza baadaye, akimlisha maziwa na mkate kama mgonjwa.

"Alinyamaza."

"Kunyamaza ni jibu gani?"

"Sijui, Niru. Lakini hakuondoka."

Rebika alihamia kwa kina Nirjala. Baba yake Nirjala akawa anapita kando yake kwenye ngazi akisema "umekula?" na si zaidi, lakini kila siku alisema. Walikubaliana jambo: kabla ya kwenda kuandikishwa serikalini, watafute mtu mmoja tu wa Kristo wa kuwaombea. Rebika alisikia habari za mchungaji mmoja aliyesomea ng'ambo, mwenye kanisa la wasomi kule Jawalakhel, anayehubiri kwamba upendo hauna mpaka. Wakaenda.

Mchungaji yule aliwakaribisha kwa chai ya maziwa na biskuti. Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlenga.

"Nikisema kweli ya moyo wangu," alisema, "sioni dhambi hapa. Nimesoma, nimeomba, siioni."

Rebika alikamata mkono wa Nirjala kwa nguvu.

"Lakini nikiwafungisha, makanisa mengine yatanikata. Na wanaotuchukia wanangoja neno kama hili tu. Watasema tulikuja kuharibu nchi. Watu wangu watapigwa. Sisi ni wachache mno, dada zangu. Hatuwezi kubeba na hili."

"Kwa hiyo?"

"Nitawaombea. Kila siku, kwa majina yenu. Kimya kimya."

Rebika alisimama, akaweka kikombe mezani taratibu. "Mchungaji, baba yangu anaamini mimi ni mwenye dhambi, na amesema hivyo mbele ya watu wote. Wewe unaamini mimi sina dhambi, na utasema hivyo chumbani kwako. Mnifundishe, nani kati yenu anayeniumiza zaidi?"

Mchungaji yule aliwasindikiza mpaka mlangoni.

Walipofika darajani Rebika alisimama. "Twende tu tukaandikishwe," alisema. "Mungu akitaka kuja, anajua ofisi ilipo." Alijaribu kucheka.

Siku ya kuandikishwa ikapangwa. Ndipo mama yake alipoanza kupiga simu. Phulmaya, mama yake Rebika, alikuwa mgonjwa wa figo, na alipiga wakati mumewe yuko kwenye maombi.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama. Wewe?"

"Mimi chakula hakipiti. Huyo mwenzio anapika?"

"Anaunguza wali."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Mfundishe. Mwanangu, mimi mambo haya siyaelewi. Nikisoma, naogopa. Nikikukumbuka, siogopi. Sasa sijui nisome au nikukumbuke."

"Mama…"

"Nisalimie. Mwambie Jaimasi, kama tunavyosalimiana kanisani."

Nirjala, aliyekuwa ameegemea simu, akasema kwa sauti ndogo, "Jaimasi, Mama." Kule upande wa pili mama akasema, "Haya. Haya, mwanangu," na hawakujua ni nani kati yao aliyeitwa mwana.

Phulmaya alifariki wiki iliyotangulia ile ya kuandikishwa.

Wakristo wa bonde lile hawana pa kuzikana. Mwili ulibidi upandishwe kwa gari mpaka kwenye kipande cha kilima nje ya mji, alfajiri, kabla wenyeji hawajaamka na kugomba. Rebika alikwenda kanisani kumwona mama yake. Wazee wakamsimamisha mlangoni. Aliye katika dhambi ya wazi, walisema, hawezi kuosha mwili wala kusimama kaburini na waumini. Ni utaratibu wa kanisa, haukutungwa kwa ajili yake. Akitubu mbele ya ushirika, mlango uko wazi.

Mchungaji Dawa alitoka. Alikuwa amezeeka ghafla. Alipiga magoti, yeye aliyekataa kupiga goti jela, mbele ya mwanawe.

"Neno moja tu, Rebi. Sema neno moja, uje umwoshe mama yako. Alikuwa anakuita."

Nirjala alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, na kila kitu alikiona. Aliona Rebika anageuka kumtafuta kwa macho, akampata. Nirjala alitikisa kichwa kukubali, maana yake, sema, mpenzi, sema chochote, ni maneno tu. Rebika akaingia.

Milango ilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Sauti yake ilitoka mpaka nje, ile ile iliyowahi kuimba chini ya shuka. Alisema anatubu. Alisema amemwacha mwanamke yule na hatarudi kwake. Alisema Bwana ni shahidi wake. Watu wakasema amina. Kisha akaingia nyuma ya pazia, na yeye na shangazi wakamwosha Phulmaya, wakamvisha, na alfajiri akamfukia kwa mikono yake mwenyewe.

Nirjala alimngoja. Alijua msiba una siku zake. Alisafisha chumba, akajifunza kupika wali usiungue. Rebika alipokuja, alikuja mchana, amevaa sari nyeupe isiyo na ukingo, nywele zimebanwa kama za mjane. Hakukaa.

"Kaa, kinanda changu. Umekonda."

"Sikuja kukaa, Niru."

"Nilikusikia siku ile. Sina kinyongo. Nilikwambia mwenyewe useme. Yalikuwa maneno."

"Ulitikisa kichwa, nikakuona." Rebika alisema. "Lakini wewe ulinitazama unavyowatazama miungu ya ngazini kwenu, unawapa wali, wanakuacha. Mimi wangu nilimwambia awe shahidi. Sijawahi kumwongopea. Nimewaongopea watu wote hapa duniani, baba, shangazi, wanafunzi. Yeye sijawahi."

"Basi mwambie ulilazimishwa! Si anajua kila kitu?"

"Anajua. Ndiyo maana siwezi kulala." Alianza kulia bila kufuta machozi. "Nikirudi kwako, mama amezikwa kwa uongo. Nikibaki kule, mimi mwenyewe ninaishi ndani ya uongo. Huu wa pili angalau utaisha nikifa. Ule wa kwanza nimeshamfunika nao."

"Na mimi? Mimi umenifunika na nini?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza! Nimegombana na ukoo wangu. Nimengoja Mungu wako aamke. Mimi ni nani katika hesabu hizo zako, Rebika?"

Rebika alimshika uso kwa mikono miwili, akaweka paji lake kwenye paji la mwenzake. Walikaa hivyo. Kutoka chini ilisikika nyundo ya baba ikigonga dhahabu, kisha nayo ikanyamaza.

"Ni wewe niliyekuwa nawe nilipomwomba Mungu asiniache," alisema, na akashuka ngazi. Safari hii Nirjala aliita. Aliita jina lake mpaka mlangoni, mpaka barabarani, mpaka wauza mboga wakageuka. Rebika hakutazama nyuma, kwa sababu angetazama, angerudi.

Wiki zikapita, zikawa miezi. Wazee wa guthi walimpelekea baba salamu kwamba wamefurahi nyumba imetulia. Bibi aliwaletea wajumbe wale chai isiyo na sukari.

Siku moja ya baridi Mchungaji Dawa aliingia dukani. Nirjala hakumtambua mara moja. Alisimama mbele ya kaunta, kofia mkononi, akitazama vipuli kana kwamba anataka kununua.

"Binti yangu yuko nyumbani," alisema.

"Najua."

"Kila Jumamosi yuko kanisani. Anapika, anafundisha, ananifulia. Hana kosa lolote." Akageuza kofia. "Lakini haombi tena. Nimemchunguza. Tunafumba macho, nafumbua yangu, naona yake yako wazi, anatazama ukuta. Jana nilimwuliza, Rebi, mbona huzungumzi naye? Akaniambia, Baba, nilimwita shahidi, sasa namwonea haya."

Nirjala aliweka chini koleo alilokuwa ameshika.

"Nilitaka nimwokoe," mzee alisema. "Neno siwezi kulibadilisha, mwanangu. Sikulitunga mimi. Lakini nikaona… labda ukija kumtazama. Mara moja tu."

"Nije kama nani?"

Mzee alifumbua mdomo, akaufumba. Nirjala alimngojea. Alitaka kumwona anavyotafuta neno katika lugha zote alizojua, ile ya Kitamang aliyozaliwa nayo, ile ya Biblia, asilipate.

"Kama rafiki," alisema mwishowe.

Nirjala alitaka kumfukuza. Alitaka kumwambia rafiki anao tele, wa kanisa zima. Lakini akafikiri juu ya yale macho yanayotazama ukuta, akashindwa.

Jumamosi akaenda. Alivua viatu mlangoni pamoja na vya watu. Ndani, wanaume walikaa kwenye mazulia ya upande mmoja, wanawake upande wa pili. Wale wazee waliosimama mlangoni siku ya msiba walimjia kwa furaha, wasijue kwamba ndiye mwanamke yule. "Jaimasi, dada, karibu," walisema, wakidhani Bwana amewaletea roho mpya, na mmoja akainua mikono juu kushukuru.

Rebika alikuwa amekaa karibu na ukuta. Alimwona. Rangi ikamtoka, ikarudi.

"Umekuja kama nani?" alinong'ona.

"Kama rafiki."

Rebika alitazama mbele. Kwaya ilikuwa imeanza bila yeye. Kisha akasogea kidogo kwenye zulia, akamwachia nafasi.

"Basi karibu, rafiki," alisema.

Wakakaa bega kwa bega upande wa wanawake, na hakuna aliyewauliza kitu.